Lambada ya Kaoma: nani hasa aliimba kwanza? Tuufuate wimbo kutoka Bolivia hadi Paris

Santuri Kuukuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila ukifunguliwa mjadala wa nyimbo zilizochezesha dunia nzima, Lambada ya kundi la Kaoma haikosi. Na kila ikitajwa, atatokea mtu aseme kwa uhakika kabisa kwamba ni wimbo wa Kibrazili, mwingine ambishie kwamba ni wa Wafaransa. Nimeamua tuufuate tangu ulipozaliwa, toleo kwa toleo, maana kuna watu waliotoa jasho lao humo ndani na majina yao hayajulikani kwa wengi wanaoucheza mpaka leo. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana uzi utakuwa mrefu.

Nianze na jibu ili asiye na muda asihangaike. Wimbo ni wa Bolivia. Walioutunga ni ndugu wawili, Gonzalo na Ulises Hermosa, wa kundi la Los Kjarkas lililoanzishwa mwaka 1971 huko Capinota, Cochabamba. Jina lake la kuzaliwa ni "Llorando se fue", na ulitoka 1981 kwenye albamu iitwayo Canto a la mujer de mi pueblo. Kaoma walitoa wa kwao 1989. Kati ya hapo na hapo kuna miaka minane, na ndiyo ninayotaka tuichimbe.

Ukiweka toleo la Kjarkas huku kichwani una Kaoma, kitu cha kwanza kitakachokushtua ni utulivu wake. Ile tuni ya mwanzo ambayo kila mtu anaijua kwa akodioni, pale imepigwa kwa filimbi za mianzi, zile za mirija mingi iliyofungwa pamoja kuanzia mrefu hadi mfupi. Noti ni zilezile. Ila filimbi ina pumzi: tega sikio vizuri utasikia hewa ikigonga mdomo wa mrija kabla sauti haijatoka, na noti ndefu zinalegea kidogo mwishoni kwa sababu mpigaji naye anahitaji kuvuta pumzi. Chini yake kuna charango, kigita kidogo cha nyuzi kumi zilizopangwa jozi tano, na ngoma kubwa ya bombo inayopiga bila haraka. Halafu anaingia Elmer Hermosa na sauti yake, anasimulia habari ya mpenzi aliyeondoka akilia, na penzi ambalo muda umeshindwa kulifuta. Ni wimbo wa majonzi, wakuu. Huwezi kuusikiliza vile ukawaza kuzungusha kiuno.

Sasa swali linakuja: majonzi hayo yaligeukaje kuwa wimbo wa kuchezea ufukweni?

Watu wengi wanaruka kutoka Bolivia moja kwa moja hadi Paris. Hapo ndipo wanapopoteza kiungo muhimu kuliko vyote, nacho ni Peru. Mwaka 1984 kundi la Cuarteto Continental lilirekodi "Llorando se fue" kwa ajili ya lebo ya Infopesa, prodyuza akiwa Alberto Maraví. Hawa walikuwa watu wa kumbia ya akodioni, yaani muziki wa kuchezwa wenye asili ya Kolombia. Wakachukua tuni ya filimbi wakaipa akodioni, wakaongeza mwendo, wakaweka besi inayotembea na vyombo vya kugonga vya kumbia. Ukilisikiliza toleo hilo huku umefumba macho, sekunde za mwanzo utadhani Kaoma wanaanza. Akodioni inauma noti pale ambapo filimbi ilikuwa inazisukuma taratibu, na ile sehemu ya mwisho ya tuni, inaposhuka ngazi kwa ngazi, inakatwa kavu badala ya kuachwa ielee. Kukata kule ndiko kunakofanya mguu uondoke wenyewe.

Kwa maoni yangu, mapinduzi yalifanyika pale Peru. Kaoma waliurithi wimbo ukiwa tayari wa kuchezwa. Wakati wa kugawa sifa, Cuarteto Continental hawatajwi kabisa, na sioni haki katika hilo.

Baada ya Peru tunahamia Brazil. Mwaka 1986 mwimbaji Márcia Ferreira alitoa "Chorando se foi", maneno ya Kireno aliyoyaandaa pamoja na José Ari, na walifanya hivyo kwa ruhusa. Naomba hili litiliwe mkazo. Maneno yale ambayo dunia nzima iliyaimba 1989 bila kujua Kireno yalikuwa tayari yameimbwa na mwanamke mwingine miaka mitatu kabla. Weka matoleo mawili sambamba, la Ferreira na la Kaoma, ufuate mstari kwa mstari. Hutahitaji kujua lugha.

Ndipo tunafika Paris. Mwaka 1988 Wafaransa wawili, Jean Karakos na Olivier Lorsac, walikuwa Porto Seguro, jimbo la Bahia, wakakuta watu wanacheza lambada, wawili wawili, wameshikana karibu sana. Karakos hakuwa mgeni kwenye biashara ya muziki; ndiye aliyekuwa na lebo ya Celluloid iliyowahi kutoa kazi za Touré Kunda, lile kundi la Wasenegali waliokuwa na makao Paris. Wakarudi Ufaransa na mpango kamili. Wakanunua haki za nyimbo nyingi za lambada, kisha wakaunda kundi. Na kundi lenyewe liliundwa hasa na wanamuziki waliokuwa wakipiga na Touré Kunda, akiwemo Jean-Claude Bonaventure kwenye kinanda na Chyco Dru kwenye besi, huku mbele akisimama Loalwa Braz, mzaliwa wa Rio de Janeiro aliyekuwa tayari anaishi Paris.

Kwa hiyo kundi ni la Ufaransa, lina mwimbaji wa Brazil, lina watu wenye asili ya Karibiani na Afrika, linaimba tuni ya Bolivia kwa mpangilio uliopitia Peru. Nani kati yetu angeweza kukisia hayo kwa kutazama ile video?

Wimbo ulitoka kiangazi cha 1989, ukapewa nguvu na televisheni ya TF1 na matangazo ya kinywaji cha Orangina. Ukakaa namba moja Ufaransa kwa wiki 12. Ukashika nafasi za juu nchi nyingi za Ulaya, Uingereza ukafika namba nne. Na kwenye lebo ya santuri mtunzi aliandikwa Chico de Oliveira.

Chico de Oliveira ni nani? Ni Olivier Lorsac mwenyewe, jina lake la kazi. Ndugu Hermosa hawakuonekana popote.

Waliposikia walidai haki yao, na mwaka 1990 ikatambuliwa: tuni ni ya Gonzalo na Ulises Hermosa. Ulises aliishi kuliona hilo, kisha akafariki kwa saratani ya damu mwaka 1992.

Nawasilisha. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye swali aulize.

---

Mpenda Besi

Mkuu Santuri, uzi umekwenda shule. Ila kidogo nikukatize kwenye Brazil, umeipita mbio mno. Unaposema wimbo ni wa Bolivia sikupingi. Lakini mtu anayesema lambada ni ya Brazil naye hajakosea, kwa sababu lambada ni mtindo wa muziki na uchezaji uliokuwepo kabla Kaoma hawajafikiriwa.

Chimbuko lake ni jimbo la Pará kaskazini, maeneo ya Belém, mdomoni mwa mto Amazon. Kule walikuwa na carimbó, ngoma yao ya asili. Halafu redio za Karibiani zilikuwa zinasikika vizuri, kwa hiyo merengue na kumbia zikaingia masikioni mwa watu wa Belém kabla hazijafika Rio. Pinduca, ambaye ni mtu wa carimbó hasa, alirekodi wimbo wenye jina la lambada mwaka 1976. Miaka miwili baadaye, 1978, akaja Mestre Vieira kutoka Barcarena na albamu ya Lambadas das Quebradas, gita la umeme linaongoza mwanzo mwisho. Ukitaka kuelewa lambada ilivyokuwa kabla ya Wafaransa, msikilize huyo mzee. Gita lake linaongea kama mtu anayejibizana na nafsi yake, akodioni wala haihitajiki.

Kutoka Pará mtindo ukashuka na pwani hadi Bahia, na huko Porto Seguro ndiko uchezaji ulipopata sura ile ya kushikana na kuzungusha. Hata jina kubwa la lambada ndani ya Brazil kipindi kilekile lilikuwa Beto Barbosa na "Adocica" yake, wala si Kaoma.

---

Santuri Kuukuu

Mpenda Besi, asante sana kaka, hapo umeujenga uzi. Nakubaliana na wewe neno kwa neno. Ndiyo maana nasema tutenganishe mambo mawili: *wimbo* na *mtindo*. Wimbo, yaani tuni na maneno, umetoka Cochabamba. Mtindo, yaani uchezaji na jina la uchezaji, umetoka Pará na Bahia. Karakos na Lorsac waliviunganisha, wakachukua wimbo ambao haukuwa lambada wakaupa jina la Lambada, na tangu siku hiyo dunia inadhani ni kitu kimoja.

Na Mestre Vieira, jamani, mtafuteni. Wanaopenda magita ya dansi watamwelewa kwa sekunde kumi tu.

---

Dada Mzuka

Habari zenu wakuu. Mimi nimecheza huu wimbo tangu utoto na sikuwahi kujua kwamba ni wa msiba wa mapenzi, leo nimejifunza. Nina maswali mawili.

La kwanza, ukisema wimbo "umerudiwa", mbona Ferreira sawa na Kaoma tatizo? Wote si wameimba wimbo wa mtu?

La pili, wale watoto wa kwenye video walikuwa ni akina nani? Nilikuwa nawapenda sana.

---

Santuri Kuukuu

Dada Mzuka, karibu sana.

Swali la kwanza ndilo kiini cha uzi wote. Kurudia wimbo wa mtu si kosa hata kidogo. Muziki wa dunia nzima umejengwa hivyo, na wimbo mzuri unastahili kupita kwenye midomo mingi. Kinachotakiwa ni mambo mawili: jina la mtunzi libaki, na fungu lake limfikie. Ferreira alitafsiri kwa ruhusa, na wimbo ukabaki kuwa wa ndugu Hermosa. Kwenye ile santuri ya 1989 uimbaji ulikuwa safi, upigaji safi, tatizo lilikuwa mstari mmoja tu, pale palipoandikwa mtunzi. Mstari ule ndio unaoamua pesa za redio, za televisheni, za matangazo, za kila atakayeurudia baadaye ziende kwa nani. Ukiandika jina jingine pale, umehamisha shamba la mtu.

Ndiyo maana nawasihi wapenzi wa muziki wasome maandishi madogo ya kwenye lebo. Jina kubwa la mbele linakwambia nani ameimba. Jina dogo kwenye mabano ndilo la mtunzi.

La pili: walijulikana kama Chico na Roberta. Video ilipigwa Bahia, pwani ya Trancoso, mwaka huohuo wa 1989. Baadaye nao walitoa nyimbo zao wenyewe. Hakuna uhusiano wowote kati ya huyo mtoto Chico na "Chico de Oliveira" wa kwenye lebo, wengi wanachanganya.

---

Fundi Mitambo

Naomba nichangie upande wa ufundi, maana nimeona watu kwenye nyuzi nyingine wanachanganya mambo matatu.

Kuna kurudia wimbo mzima, kama Cuarteto Continental walivyofanya. Kuna kutafsiri, kama Ferreira. Na kuna kuazima kipande cha tuni ukakipandikiza ndani ya wimbo wako mpya. Mfano wa hili la tatu ni "On the Floor" ya Jennifer Lopez na Pitbull, mwaka 2011, prodyuza RedOne. Ile tuni ya Lambada mle ndani imechomekwa kwenye wimbo ambao ubeti wake na mdundo wake ni vitu vingine kabisa.

Angalia orodha ya watunzi wa "On the Floor". Utakuta majina ya Gonzalo na Ulises Hermosa yamo. Hilo ni tunda la kesi ya 1990. Haki ikishatambuliwa, kila anayekuja baadaye analazimika kupita mlango uleule. Wakati huohuo, mwaka huohuo wa 2011, Don Omar naye alitoa "Taboo", ambayo imeukumbatia wimbo huu kwa kiasi kikubwa zaidi.

Kitu kingine watu wasichokijua: kuna haki ya *utunzi* na haki ya *rekodi*. Ukichukua sauti yenyewe iliyorekodiwa na Kaoma ukaiweka kwenye wimbo wako, unawalipa wenye rekodi pamoja na watunzi. Ukiipiga tuni upya kwa vyombo vyako, rekodi ya Kaoma hukuigusa, unabaki na deni la watunzi tu. Kwa hiyo mtu anayesema "JLo kawakopi Kaoma" amekosea anuani. Barua inaenda Cochabamba.

---

Mzee wa Twisti

Vijana, hamjambo. Mmenikumbusha mbali.

Haya mambo hayakuanza na lambada. Chukueni The Twist. Dunia inamjua Chubby Checker, wimbo wake ulishika namba moja Marekani mwaka 1960, ukarudi tena namba moja mwanzoni mwa 1962. Lakini aliyeutunga na kuurekodi kwanza ni Hank Ballard akiwa na kundi lake la The Midnighters, na ulitoka 1959 ukiwa upande wa pili wa santuri yao ya "Teardrops on Your Letter". Upande wa pili, yaani ule ambao lebo haikuutilia maanani! Checker akaurekodi Philadelphia kwa namna inayofanana mno na ya Ballard, kipindi cha televisheni cha Dick Clark kikaubeba, biashara ikaisha.

Tofauti na habari yenu ni kwamba jina la Ballard la utunzi halikuguswa. Wimbo ulipolipuka kwa mdomo wa mwenzake, yeye alibaki mtunzi. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kumpita mwenyewe kwa umaarufu bila kumwibia. Hilo la Ballard ni tukio la bahati ya soko. La ndugu Hermosa ni tukio la jina kufutwa. Tusiyaweke kapu moja.

---

Santuri Kuukuu

Shikamoo mzee wangu. Umeweka mpaka mahali pake hasa.

Niongeze na Macarena hapo, maana nayo ina sura ya tatu. Los del Río wa Hispania waliutoa wenyewe 1993. Kilichovuka bahari ni rimiksi ya Bayside Boys wa Miami, yenye kiitikio cha Kihispania kilekile lakini na beti za Kiingereza za sauti ya kike. Mwaka 1996 ikakaa namba moja Marekani wiki 14. Pale wenyewe wa asili walibaki na jina mbele na sura zao kwenye video. Kwa hiyo tuna nyimbo tatu za kuchezwa na njia tatu tofauti: mmoja mtunzi kapitwa na mwimbaji, mwingine mtunzi kapandishwa na rimiksi, mwingine mtunzi kafutwa kisha akarudishwa.

---

Mpenda Besi

Swali langu kwa mkuu Santuri: Kjarkas wenyewe huu mdundo wanauita saya. Nimewahi kusoma kwamba jambo hilo nalo lina ugomvi wake. Ni kweli?

---

Santuri Kuukuu

Ni kweli kaka, na nashukuru umeuliza, maana tukiwatetea ndugu Hermosa tusiwasahau na wengine.

Saya ni ngoma ya Wabolivia weusi, wazao wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani, ambao wengi makao yao ni mabonde ya Yungas. Saya yao ni ngoma na sauti, kiongozi anatoa mstari na wenzake wanaitikia. Hakuna charango wala mirija. Muziki ambao makundi kama Kjarkas waliusambaza kwa jina hilo unafuata mdundo wa caporales, uchezaji ulioanzishwa La Paz mwaka 1969 na familia ya Estrada Pacheco, na ambao nao ulichota kwenye sura ya mnyapara wa enzi za utumwa. Watu wa Yungas wamekuwa wakisema wazi kwamba kile si saya yao, na kwamba jina la ngoma yao limebandikwa kwenye kitu kingine.

Mimi nawaunga mkono. Utunzi wa "Llorando se fue" ni wa ndugu Hermosa, hilo halina mjadala. Lakini ukimwandikia mtu maelezo ya wimbo, mdundo uandike caporal, saya uwaachie wenye saya.

---

Dada Mzuka

Na uchezaji wenyewe umeishia wapi? Siku hizi sioni watu wakicheza lambada ile ya sketi fupi.

---

Mpenda Besi

Dada, haujafa. Muziki wa lambada ulipopungua sokoni mwanzoni mwa miaka ya tisini, wachezaji wa Brazil walibaki na miili inayojua kucheza lakini hawana nyimbo mpya. Wakaanza kucheza hatua zao juu ya zouk ya Karibiani, ile ya kina Kassav', kwa sababu mwendo unaelewana. Zouk ni taratibu kidogo, kwa hiyo hatua zikarefuka, mizunguko ya kichwa na mgongo ikapata nafasi ya kumalizika. Ukisikia leo watu wanasema zouk ya Kibrazili, hiyo ndiyo lambada iliyokua. Ina madarasa na matamasha nchi nyingi.

Kwa hiyo uchezaji ulipotea jina, ukabaki na hatua. Wimbo nao ulipotea mtunzi, ukabaki na tuni.

---

Kijana wa Pleilisti

Shikamooni wakubwa. Nimeusoma uzi wote. Nataka kutengeneza orodha ya kusikiliza ya wimbo huu, kuanzia mwanzo mpaka karibuni, niwawekee na wenzangu. Nianze wapi, na niandikeje majina ili nisikosee?

---

Fundi Mitambo

Marahaba. Kabla mkuu hajajibu, ongeza na India. Kwenye filamu ya Ghayal ya mwaka 1990 kuna wimbo wa "Sochna Kya", muziki umesimamiwa na Bappi Lahiri. Tuni utaitambua papo hapo. Hiyo inaonyesha mwaka mmoja tu baada ya Kaoma wimbo ulikuwa umeshafika wapi.

---

Santuri Kuukuu

Marahaba mdogo wangu. Fanya hivi.

Weka Los Kjarkas wa kwanza, 1981, na usiwaweke kama kionjo cha dakika moja, acha wimbo uishe. Kisha Cuarteto Continental, 1984. Hapo wasikilizaji wako watashtuka, waache washtuke. Kisha Márcia Ferreira, 1986. Kaoma waje wa nne, 1989, na kufikia hapo kila atakayesikiliza atajua mwenyewe akodioni imetoka wapi na maneno yametoka wapi, wala hutahitaji kumhubiria. Na katika Kaoma msikilize Loalwa Braz kwa makini: maneno alikopeshwa, tuni alikopeshwa, lakini ule uzito wa sauti yake ni wa kwake, na ndiye aliyefanya wimbo wa huzuni usikike una furaha bila kuipoteza huzuni. Alifariki Januari 2017 kwa kuuawa, huko Saquarema, jimbo la Rio de Janeiro. Ni mmoja wa waimbaji waliosikika zaidi duniani kwa wimbo mmoja, na jina lake nalo wengi hawalijui.

Baada ya hapo weka Ghayal, kisha "Taboo" na "On the Floor" za 2011. Kati ya 1990 na 2011 unaweza kuchomeka "Pam Pam" ya Wisin na Yandel, 2006, nao wamepita humohumo.

Pembeni, orodha nyingine ndogo ya mtindo: Pinduca, Mestre Vieira, Beto Barbosa. Usizichanganye na za kwanza, ile ni familia nyingine.

Kwenye majina, kila toleo la wimbo huu andika mwimbaji, mwaka, halafu watunzi: Gonzalo Hermosa na Ulises Hermosa. Kwa Ferreira na Kaoma ongeza kwamba maneno ya Kireno ni ya Márcia Ferreira na José Ari. Jina la Chico de Oliveira usiliandike kabisa. Na ukibanwa na nafasi ukataka kupunguza, punguza popote, ila toleo la Peru usiliguse.